Matroni wa bweni naomba msaada: tumbo lipi linasubiri asubuhi, na lipi ni la kukimbiza usiku huohuo?

MatroniWaNyika

Mbukwenyi wadau. Nawasalimu kutoka wilaya ya Mpwapwa.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, sekondari. Hakuna jioni inayopita bila mtu kunigongea mlango, "Matroni, tumbo." Wengi wao nawajua. Mmoja siku zake zimefika, mwingine amekula ubuyu na maembe mabichi mpaka basi, mwingine kesho ana mtihani wa hesabu. Namkanda na maji ya moto, nampa Panadol, analala, na asubuhi namwona kwenye foleni ya uji.

Shida yangu ni wale wachache. Muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto mkimya, alianza kulalamika kitovuni baada ya chakula cha jioni. Ugali aliuacha nusu, na huyu si mtoto wa kuacha ugali. Usiku akatapika. Wenzake wakasema ni chango, mmoja akatoa mizizi aliyopewa na bibi yake, nikaizuia. Alfajiri maumivu yakawa yameshuka chini kulia, anatembea ameinama, mkono kwenye nyonga. Nilimwamsha mkuu wa shule, tukampakia kwenye gari. Hospitali wakasema ni kidole tumbo, akapasuliwa siku hiyohiyo. Yuko salama, yuko darasani.

Lakini kuna mwalimu aliniambia, "Ungesubiri zahanati ifunguliwe, ungetuokolea mafuta." Neno lile limenikaa rohoni. Huku kwetu kutoka usiku ni kazi. Gari la shule ni moja, na masika korongo likishuka havuki mtu mpaka maji yapungue. Nikisema kila tumbo ni dharura, siku ya dharura ya kweli hakuna atakayenisikiliza. Nikinyamaza, nitakuja kuzika mtoto wa mtu.

Naomba anayejua anifundishe. Nitazame nini, niulize nini, na nisimpe nini?

---

Mzee wa Kibaigwa

Pole na kazi, binti yangu. Sisi tumekuzwa kwa mwarobaini na maji ya magadi, na tumbo likikaza sana mtoto anapewa dawa ya kuharisha ili lifunguke. Mengi yanaishia hapohapo. Jaribu hayo kwanza kabla ya kuhangaika na magari usiku.

---

NesiMstaafu

Matroni mwanangu, ulifanya sawasawa. Aliyekwambia usubiri zahanati hajawahi kuona usaha ukichotwa kwenye tumbo la mtoto. Mimi nimeuona. Nimefanya kazi thieta hapa Dodoma mpaka nikastaafu, na watoto waliotusumbua zaidi hawakuwa wale wenye ugonjwa mkubwa sana, walikuwa wale waliocheleweshwa nyumbani au shuleni siku ya pili, ya tatu, wakipewa hiki na kile.

Mzee wangu wa Kibaigwa, kwa heshima zote, dawa ya kuharisha hapana. Kidole tumbo kilichovimba, au utumbo ulioziba, ukiulazimisha kwa dawa ya kuharisha au kwa bomba la maji unaweza kuupasua. Kukandwa tumbo kwa nguvu na wakunga wa mtaani ni vilevile. Mwarobaini nao unakula muda, na muda ndio tunaoutafuta.

Sasa matroni, jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: usipime ugonjwa kwa kelele. Tumbo la kusokota, liwe la hedhi, la kuhara, hata la jiwe la figo, humfanya mtu ajiviringishe. Anakaa, anasimama, analia, anapiga ukuta. Jiwe la figo linaweza kumliza mwanaume mzima. Lakini usaha, haja au damu ikishamwagika ndani na kuugusa ule utando unaozunguka matumbo, mtu anatulia tuli. Analala amekunja magoti. Anapumua juujuu. Hataki kuguswa, hataki hata mwenzake akalie kitanda chake, kwa sababu kitanda kikitikisika anaumia. Huyo hatafanya fujo bwenini. Mtapita karibu yake mkidhani amepata usingizi.

Kwa hiyo ukiitwa, usianze kwa kumbonyeza. Mwambie asimame, ainuke juu ya vidole vya miguu, kisha adondoshe visigino sakafuni kwa pamoja. Kama hawezi kusimama, akohoe. Wakati huo tazama uso wake. Akikunja uso na mkono ukakimbilia mahali pamoja, ukarudia na mkono ukaenda palepale, hapo pana jambo. Halafu ndipo umguse, ukianzia upande usiouma, kiganja chote, mikono yako isiwe ya baridi. Tumbo la kawaida litakaza kidogo kwa kushtuka, kisha likalegea akivuta pumzi. Tumbo gumu kama ubao, lisilolegea hata ukimsemesha mambo mengine, halisubiri kupambazuke.

Pili, tazama saa. Mtu aliyekuwa mzima kabisa, akashikwa na maumivu makali, yakaenda mfululizo kwa muda wa saa sita bila kulegea, mpeleke hata kama huoni kitu kingine. Na hayo ni kama hana dalili nyingine. Akiwa anatapika nyongo ya kijani au damu, au choo kimekuwa cheusi cha kunata, au amezimia, au anatoka jasho la baridi, au tumbo limevimba na tangu jana hajapata choo wala kutoa upepo, hayo hayahesabiwi saa. Unaondoka.

Tumbo la mwezi binti mwenyewe analijua. Muulize tu, "Haya ni yale yako ya kila mwezi?" Akikujibu "Haya siyo," mwamini.

Kidole tumbo mara nyingi huenda kama ulivyoeleza wewe: kitovuni kwanza, hamu ya kula inakata, kichefuchefu, kisha maumivu yanashuka chini kulia, na homa inakuja nyuma. Si kila mtu hufuata njia hiyo, ila ukiiona usibishane nayo. Na kina hila moja. Kikipasuka, maumivu yanaweza kupoa kwa saa kadhaa. Mtoto anasema amepata nafuu, watu wanamshukuru Mungu, gari linarudishwa. Baadaye tumbo zima linawaka. Sasa maumivu makali yakikatika ghafla, halafu mtoto bado ana homa, mapigo yanakwenda mbio na chakula hataki kukiona, usirudishe gari.

Taifodi nayo usiisahau. Kuna watoto wanakaa na homa wiki mbili, wanameza vidonge walivyonunua dukani, wanaonekana wanaendelea vizuri, kisha ghafla tumbo linashika. Homa ya matumbo inaweza kutoboa utumbo, hasa wiki ya pili au ya tatu. Homa ya muda mrefu ikifuatwa na tumbo la ghafla, usifikirie tena vidonge.

Cha kumpa: akishaonyesha dalili nilizozitaja, mdomo ufungwe. Asipewe uji, chai wala maziwa "apate nguvu". Akipelekwa thieta tumbo likiwa limejaa, wakati wa dawa ya usingizi chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Akikauka sana midomo, mlowanishe kwa kitambaa. Diklofenaki usimpe, inachokoa vidonda vya tumbo. Wala usimwanzishie Flagyl za kwenye pochi, zitafunika dalili kwa muda na ugonjwa uendelee chini kwa chini. Ila huyu usimchanganye na anayeharisha maji matupu, tumbo laini. Huyo akinyimwa maji anakufa. Mpe ORS, aendelee kunywa hata njiani.

---

PatroniMwenzako

Nimefuatilia maelezo ya mama hapo juu, asante sana. Naongezea la upande wa wavulana kwa kuwa mimi nipo bweni lao.

Mvulana akikwambia "tumbo la chini" huku anakwepa macho yako, mwite chemba umuulize wazi kama korodani inauma au imevimba. Wanaona aibu. Korodani huweza kujisokota kwenye mshipa wake, damu ikakatika, na wakati mwingine kinachouma kwanza ni tumbo, pamoja na kutapika. Daktari alituambia kwenye semina kwamba ikipita muda wa saa sita hivi bila kufunguliwa, uwezekano wa kuiokoa unashuka sana. Hiyo haisubiri zahanati na haihitaji dawa ya maumivu ya kulalia.

Ngiri vilevile. Uvimbe wa kwenye kinena uliokuwa unaingia na kutoka, siku ukigoma kurudi, ukawa mgumu na anatapika, msiusukume kwa nguvu. Ni hospitali.

---

DerevaWaGulwe

Matroni, mimi si mtu wa hospitali, ni dereva. Nabeba wagonjwa njia hizo zako kwa gari dogo, na zamani nilikuwa bodaboda.

Ninachokijua ni barabara. Mgonjwa wa tumbo la hatari utamtambua kwenye matuta. Anakuomba upunguze kabla hujafika kwenye tuta, amelishika tumbo kwa mikono miwili. Wa gesi anakuomba uongeze mwendo afike chooni. Kwa hiyo ukimpakia, muulize dereva wako anaonaje mgonjwa kwenye makorongo, mweleze na daktari. Nimewahi kusikia daktari akiuliza swali hilohilo.

Usimweke kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kama anazimiazimia. Kiti cha nyuma cha gari, alale ubavu, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mtu, na ndoo iwe karibu.

Piga simu hospitali kabla hujaondoka. Ukifika saa nane usiku bila taarifa, mhusika wa thieta anaanza kutafutwa nyumbani kwake. Ukipiga mapema mnakutana mlangoni. Na masika usisubiri maumivu yazidi ndipo uvuke. Mawingu yakiwa meusi upande wa milimani na una mgonjwa wa mashaka, vuka mchana, hata kama atalala ng'ambo kwa ndugu wa mtu karibu na hospitali.

Kama ni mjamzito, aliyejifungua karibuni au kichanga, piga 115. Ni ya bure, ni ule mfumo wa m-mama. Wanatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana wanapigia madereva wa kijamii waliosajiliwa.

---

MatroniWaNyika

Shikamoo mama NesiMstaafu. Asanteni wote, patroni na kaka dereva.

Mama, kuna jambo naliandika kwa kuzunguka kidogo kwa sababu hapa kuna wazazi. Kati ya mabinti wangu wapo ambao huenda tumbo lao ni la mimba. Hawasemi. Wanaogopa mimi, wanaogopa mkuu wa shule, wanaogopa baba zao zaidi. Nikimuuliza mbele ya wenzake ananiruka. Nifanyeje usiku kama huo?

---

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Usizunguke, hili ndilo lingetakiwa tuanze nalo.

Msichana yeyote aliyeshavunja ungo, mwenye maumivu makali chini ya kitovu, kwangu ni mjamzito mpaka kipimo cha mkojo kikatae. Simhukumu. Namlinda. Mimba ikitunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija, inakua mahali pasipo na nafasi, na mrija unapasuka. Mara nyingi hutokea wiki za mwanzo, wengi wakati wa wiki ya sita hadi ya nane, tumbo bado halijaonekana, yeye mwenyewe pengine hajajua. Anaweza kutoka damu kidogo akadhani ni hedhi imekuja vibaya. Damu nyingi iko ndani, huioni kwenye kitambaa.

Dalili zake zishike. Maumivu upande mmoja chini, kisha tumbo zima. Kizunguzungu akisimama. Anapauka; vuta kope la chini uone, na viganja pia. Jasho la baridi. Na kuna moja linalowachanganya watu wengi: anasema bega linauma, hasa akilala. Damu iliyomwagika tumboni hupanda na kuchokoza kiwambo cha kupumulia, maumivu yanasikika begani. Binti mwenye tumbo na bega kwa wakati mmoja, aliyepauka, usimtafutie dawa ya misuli. Huyo atahitaji thieta na damu ya kuongezewa, kwa hiyo ondokeni na watu wazima wawili walio tayari kutoa damu.

Namna ya kumuuliza: watoe wenzake wote, hata kiranja. Funga mlango. Keti chini kidogo kuliko yeye. Usianze na "Una mimba?" Mwambie, "Mwanangu, nakuuliza ili daktari ajue pa kuanzia. Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?" Ngoja. Akinyamaza, ngoja tena. Halafu, "Kuna dawa yoyote uliyokunywa au uliyowekewa?" Hilo la pili ni muhimu sana, kwa sababu wapo wanaojaribu kuitoa mimba kwa siri, na wiki moja baadaye anakuja na homa, uchafu unaonuka na tumbo lisilogusika. Huyo naye ni wa usiku huohuo.

Na mtoe hofu ya shule. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba kurudi darasani. Mwambie hivyo waziwazi. Nimeona mabinti wakificha mpaka wanaishiwa damu kwa kuogopa kufukuzwa. Alichokwambia kinakwenda kwa daktari tu, si ofisi ya walimu.

Asipokwambia kitu, usimkandamize. Muda wa kumhoji usizidi muda wa kuwasha gari. Mpeleke, mwambie daktari faragha kwamba una wasiwasi, wao watapima mkojo na kufanya ultrasaundi.

Kwa mjamzito anayejulikana, mimba kubwa, maumivu makali ya juu ya tumbo chini ya mbavu, pamoja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu, hiyo ni presha ya mimba. Tumbo likikaza moja kwa moja lisiachie, hata bila damu, ni kondo linaachia. Hapo namba ya kaka dereva, 115, itumike bila kuuliza mtu.

---

MwalimuChemba

Niongeze kidogo tu. Mkiona watoto wengi kwa pamoja wana tumbo, wanatapika, na macho yanaanza kuwa ya njano, toeni taarifa kwa mganga wa wilaya na msimamishe unga mnaoupika. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na jirani zetu Manyara watu walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi. Mwanzoni ilionekana ugonjwa wa ajabu. Mahindi yenye ukungu au yaliyohifadhiwa na unyevu hayasafishwi kwa kuoshwa wala kwa kupikwa.

---

NesiMstaafu

Mwalimu umenena, asante.

Matroni, umesahau kuuliza, nami nikasahau kusema: tengeneza daftari mwanzo wa muhula. Nani ana selimundu, nani ana kisukari, nani aliwahi kupasuliwa tumbo. Mwenye selimundu akishikwa na tumbo, akapauka na ubavu wa kushoto ukavimba chini ya mbavu, bandama inaweza kuwa inameza damu yake, huyo hana saa sita za kusubiri. Mwenye kisukari anayetapika, tumbo linauma na anavuta pumzi ndefu nzitonzito, sukari imepanda vibaya. Aliyewahi kupasuliwa, utumbo unaweza kujifunga kwenye makovu ya ndani hata miaka baadaye.

Na karatasi ya kwenda naye iwe fupi. Maumivu yalianza saa ngapi, yalianzia wapi, sasa yako wapi. Ametapika nini, rangi gani. Choo na upepo mara ya mwisho lini. Mkojo lini. Hedhi lini. Amekula au kunywa saa ngapi. Amepewa dawa gani, hata ile mizizi ya bibi, iandike bila aibu. Namba ya simu ya mzazi juu kabisa, na mpigie ukiwa njiani, maana upasuaji una fomu ya kusainiwa. Asipopatikana na mtoto yuko hatarini, madaktari hawatamwacha afe wakimsubiri.

---

MatroniWaNyika

Mama, nimenakili kila kitu kwenye daftari la zamu. Jumatatu nina kikao na mkuu wa shule. Nitaomba mawili: mafuta ya akiba kwenye dumu ambayo hayaguswi kwa safari nyingine, na ruhusa ya kumpigia dereva moja kwa moja kabla ya kuamsha mtu yeyote. Yule mwalimu naye atakuwepo kikaoni, nitamsomea ile ya kidole tumbo kupasuka na maumivu kupoa.

---

NesiMstaafu

Omba na la tatu mwanangu. Kitanda kimoja cha chini, karibu na mlango wako, chenye taa. Mgonjwa wa tumbo asirudishwe kulala kitanda cha juu, na kila saa moja umwamshe, umuulize jina lake na mahali panapouma.